Laini ya Tano-Moja-Nne

Wei Guixiang alikuwa mkata nyuzi. Katika karakana za jinzi za Hengtang hakuna kazi ya chini kuliko hiyo. Suruali ikishashonwa, ikishafuliwa na kupigwa pasi, huletwa kwa wanawake walioketi kwenye vigoda, nao huikagua mshono kwa mshono na kukata kila uzi uliobaki. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Macho yake yalizoea kutafuta kilichosahaulika, hata barabarani akitembea nyuma ya mtu, vidole vilimwasha avute uzi kwenye pindo la nguo yake.

Alikuwa na mabinti wawili. Wa kwanza, Caifeng, alimwacha kijijini Guangxi kwa mama mkwe akiwa bado hajaota meno ya mbele. Sasa ana miaka kumi na saba. Akipigiwa simu anaguna tu, "Mm," na Guixiang hajui mwanawe anapenda kula nini wala analia kwa mambo gani. Wa pili, Caiyun, alimzaa hapa hapa Hengtang, akamfunga mgongoni akaenda naye kazini, na akajiambia kwamba huyu haendi popote. Mume wake, Desheng, alichimba mahandaki ya reli huko magharibi na kuonekana nyumbani wakati wa mwaka mpya tu, kwa hiyo kiapo hicho kilikuwa cha mama peke yake.

Caiyun alitimiza miaka sita mwezi wa tatu. Mwezi wa tisa angeanza darasa la kwanza. Akipata nafasi katika shule ya serikali ya mjini, atabaki na mama yake. Akikosa, atapandishwa basi kwenda kwa bibi yake kijijini, kama dada yake.

Kwa wenyeji wa Hengtang jambo hili halikuwa na jasho. Jina la mtoto limo kwenye kitabu cha kaya cha hapo, mfumo unamjua tangu chekechea, mzazi anabonyeza mara moja kuthibitisha na kurudi kwenye chai yake. Watu waliotoka mikoani walitakiwa kujaza fomu ndefu kwenye tovuti, na vyeti kumi na kimoja vilivyopigwa picha. Dirisha la usajili lilifunguliwa Jumatatu na kufungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Tangazo lake lilikaa humo humo kwenye tovuti. Halikubandikwa ukutani, wala hakuna aliyelisoma karakanani. Wenye uwezo walimlipa wakala awasomee na kuwajazia. Wanawake wa vigodani walitumiana picha iliyopigwa kwenye picha nyingine, mpaka herufi zikawa kama sisimizi waliokanyagwa.

Mwaka uliotangulia, jirani yake wa kigoda, Tang Sanmei, alijaza kila kitu akakataliwa kwa mstari mmoja alioukosa: namba ya simu iwe ya mji huu, kwa jina la mzazi mwenyewe, na iwe imetumika si chini ya siku tisini. Mwanawe alirudishwa kwao Hunan wiki ile ile. Sanmei alifanya utani wa jambo hilo, kwa sababu alikuwa mtu wa kufanya utani wa kila jambo, lakini kwa mwezi mzima alikata suruali za watu pamoja na nyuzi, na msimamizi akamkata mshahara.

Ndiyo maana Guixiang alinunua laini mapema, mwezi wa kwanza, kwenye kibanda cha Bosi Peng karibu na soko la mboga.

"Hii nakupa kwa bei ya maji, Mama Caiyun," Bosi Peng alimwambia.

"Mbona rahisi? Imeibwa?"

"Soma mwisho wake."

Aliisoma kwa sauti. Tano, moja, nne. Kwa lugha yao, ukizitamka upesi hivyo, ni kama mtu anasema: nataka kufa. Alirudisha kadi juu ya kioo kana kwamba ina maji ya moto.

"Ilikuwa na mwenyewe?"

"Namba zote zina wenyewe, dada yangu. Zile safi, za nane-nane za bahati, wanazichukua wenye magari. Sisi wengine tunavaa mitumba hadi kwenye simu." Akacheka. "Unataka uzuri au unataka ikubali?"

Alitaka ikubali.

Wiki ya kwanza ilipigwa na mtu wa mizigo, akamwita Bi Huilan na kumgombeza kwa kutokuwepo nyumbani. Ikaja salamu ya siku ya kuzaliwa kutoka duka la viatu vya watoto. Kisha, siku moja saa kumi alasiri, ikaita, na alipopokea akasikia sauti ndogo.

"Mama?"

"Umekosea namba, mwanangu."

Kimya. Pumzi tu, na nyuma yake katuni za televisheni. Simu ikakatwa. Kesho yake saa kumi ikaita tena, na keshokutwa. Siku ya tano mwanamke mzee alishika simu upande wa pili, akiongea kwa aibu.

"Nisamehe mwanangu. Hiyo ilikuwa namba ya mama yake. Alifariki mwaka jana, kabla ya sikukuu ya mwezi. Mtoto nimemwambia, lakini anasema simu inaita. Anasema mtu akifa simu yake haiiti."

"Mwache apige," Guixiang alisema. "Hanisumbui."

Kuanzia hapo hakusema tena kwamba amekosea. Saa kumi ikifika alitoka ngazini, akapokea, akanyamaza. Mtoto naye alinyamaza. Wakapumuliana hivyo kwa dakika moja au mbili, kisha katuni ikifika mahali pazuri mtoto alikata. Aliporudi kigodani, Sanmei alikuwa akimsubiri.

"Huyo bwana wako wa saa kumi ana mapenzi kweli. Hakosi hata siku."

"Koma wewe."

"Ana sauti nzuri?"

"Haongei."

"Basi mshike huyo huyo. Wanaume wasioongea wameisha."

Hakumwambia. Aliona vibaya kulisema jambo hilo kwa sauti karakanani. Lakini alianza kuweka simu mbali na kitanda cha Caiyun, na alipomwogesha mtoto aliilaza kando ya ukuta, skrini chini.

Jumatatu ya usajili tovuti haikufunguka kabisa. Jumanne wakati wa chakula alikaa karibu na dirisha la choo, mahali pekee palipokuwa na mtandao wa kueleweka, akiwa na vyeti vyote kwenye mfuko wa plastiki mapajani. Ukurasa ukafunguka. Akaandika namba yake. Maandishi mekundu yakatokea: Namba hii tayari inatumiwa na mzazi mwingine.

Akaandika tena polepole. Maandishi yale yale.

Jumatano alipiga namba ya msaada tangu asubuhi. Mashine ilimwambia abonyeze moja, akabonyeza. Abonyeze tatu, akabonyeza. Ikamshukuru na kukata. Kwenye ofisi ya elimu hakuweza kwenda na kesi yake mwenyewe, kwa sababu karatasi mlangoni ilisema wazi kwamba wasio wenyeji wahudumiwe mtandaoni tu. Kununua laini nyingine ilikuwa bure, siku tisini zisingeingia ndani ya siku mbili.

Alhamisi asubuhi Sanmei alimnyang'anya simu.

"Wewe unagonga mlango na ufunguo unao mfukoni. Omba kuingia kwenye akaunti ya huyo mwenye namba wa zamani. Namba ya siri itakuja kwako."

"Si kwangu."

"Simu ya nani hii? Mwaka jana mimi niligonga mlango kwa adabu, Guixiang. Umeona nilichopata." Akamrudishia. "Ingia. Ukishaingia, futa."

Alitoka ngazini. Namba ya siri ilikuja kabla hajavuta pumzi, na akaunti ikafunguka.

Mama: kisha nyota moja, kisha Huilan. Mtoto: nyota moja, kisha Zhiyu, msichana, miaka sita. Majina ya ukoo yalikuwa yamefichwa kwa usalama wa watu. Anwani haikufichwa: Kichochoro cha Kisima cha Mashariki, nyumba ya tisa, nyuma ya soko lile lile analonunua mboga. Kwenye kona kulikuwa na picha ya mama, ile ya kutambulisha uso. Mwanamke wa umri wake, nywele zimekatwa vibaya upande mmoja, kama mtu aliyezikata mwenyewe akiwa na haraka. Alitazama mbele moja kwa moja, na kwa kuwa simu ilikuwa mkononi mwa Guixiang, alimtazama yeye.

Chini yake kulikuwa na mstari: Mtoto amehamishwa kutoka chekechea kwenda orodha ya darasa la kwanza, Shule ya Msingi ya Hengtang ya Kati. Thibitisha kabla ya Ijumaa saa kumi na moja. Hakuna aliyekuwa amethibitisha. Ujumbe wote wa kumkumbusha mzazi ulikuwa umetumwa kwa Guixiang, wiki tatu mfululizo, naye aliudhani matangazo ya biashara akaufuta.

Akakaa kwenye ngazi.

Yule bibi hajui, aliwaza. Amekaa nyumbani anasubiri mwalimu apige simu, kama zamani. Duniani kote mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba mjukuu wake ana siku moja na nusu.

Kuthibitisha kulikuwa kidude kimoja cha kijani. Angekibonyeza, Zhiyu angekuwa na shule, na namba ingefungwa kwenye akaunti ya Huilan mpaka mwezi wa tisa. Alishuka chini ya ukurasa. Kulikuwa na neno Futa, na alipoligusa likamuuliza sababu. Namba imebadilika. Mtoto amehama. Mzazi amefariki. Nyinginezo.

Aligusa Mzazi amefariki ili aone tu. Maelezo yakafunguka kwa herufi ndogo: nafasi ya mtoto itahifadhiwa, itahamishiwa kwa mlezi aliye kwenye kitabu cha kaya, ombi litashughulikiwa kwa siku tatu za kazi. Kumbe njia ilikuwepo. Ilikuwa imekaa chini ya ukurasa ambao marehemu peke yake ndiye angeweza kuufungua.

Siku tatu za kazi zingefika Jumanne ijayo, dirisha limeshafungwa. Akarudi, akagusa Namba imebadilika. Namba itaachiliwa papo hapo. Taarifa za mtoto zitaondolewa.

Alisimama, akakaa tena. Mtoto wa mwenyeji hakosi shule, alijiambia. Watamweka kwenye orodha ya waliochelewa, watamtafutia mahali, ni haki yake, jina lake limo kitabuni. Wangu jina lake halimo popote. Alijisemea hivyo mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa kweli, na uso ule wenye nywele za upande ukaendelea kumtazama bila kubisha.

Alifikiria "Mm" ya Caifeng kwenye simu.

Akabonyeza. Uso ukatoweka. Skrini ikawa nyeupe, kisha ikamuuliza jina lake nani.

Alijaza fomu pale pale ngazini, vyeti kumi na kimoja, na picha ya cheti cha chanjo ikabidi aipige mara nne. Saa tatu na dakika hamsini mfumo ulimwandikia kwamba ombi la mtoto Caiyun limepokelewa na nafasi itajulikana kesho. Alimwambia msimamizi kwamba anaumwa, akaenda Kichochoro cha Kisima cha Mashariki.

Bibi alikuwa mlangoni, anageuza maganda ya machungwa yaliyoanikwa kwenye ungo. Mdogo, mgongo umeinama, miwani imefungwa kwa uzi. Mtoto alikuwa chekechea. Kwenye kizingiti kulikuwa na viatu vyake vya mvua, vya kijani, kimoja kimelala.

"Mimi ni mzazi, bibi," Guixiang alisema. "Mtoto wangu naye anaanza shule mwaka huu. Nimesikia Zhiyu hajaandikishwa."

"Ulimjua Huilan?"

"Kidogo."

"Njoo ukae. Mwalimu atapiga simu, usihangaike."

"Hapigi, bibi. Siku hizi hakuna anayepiga. Inabidi kwenda ofisini, leo. Wewe ni mwenyeji, watakupokea. Chukua kitabu cha kaya."

Bibi alimtazama usoni. "Una uso wa mtu asiyelala," alisema, akaingia ndani kutafuta kitabu.

Walitembea taratibu, bibi amemshika mkono. Njiani alisimulia mambo ya Huilan bila kuulizwa: alivyokuwa akiuza viatu, alivyosoma kila tangazo mpaka mwisho, alivyokuwa akiweka simu chini ya mto. Baba wa mtoto alikuwa na mke mwingine katika mji wa Zhuhai. Guixiang aliitikia, na kila alipoitikia aliona kama anajibu maswali ya mtu wa tatu anayetembea nyuma yao.

Ofisini, kwenye dirisha la tatu, alikuwepo msichana mwenye kucha ndefu za rangi ya maziwa. Aliandika namba ya kitabu, akasubiri, akakunja uso.

"Alikuwepo kwenye orodha. Ameondolewa."

"Ameondolewa na nani?" bibi akauliza.

"Na mzazi mwenyewe. Mama."

"Mama yake amekufa, binti yangu."

Msichana akageuza skrini kidogo, akasoma. "Hapa imeandikwa mama. Kwa namba yake ya simu. Leo asubuhi, saa tatu na dakika ishirini."

Mkono wa bibi uliokuwa kwenye mkono wa Guixiang ukawa mzito ghafla, kama mtu aliyebebeshwa ndoo. Alisogea karibu na kioo mpaka pumzi yake ikafanya ukungu.

"Leo asubuhi," alisema polepole. "Leo hii. Alisema kwa nini?"

"Sababu..." Msichana alisoma. "Namba imebadilika."

Guixiang alitazama kaunta. Kulikuwa na kalamu imefungwa kwa mnyororo. Alijua kwamba sasa ndiyo saa yake ya kusema, na kwamba akisema, msichana huyu atarudisha akaunti ya zamani kwa kubonyeza mara moja, na jina la Caiyun litaanguka humo humo lilimoingilia. Sekunde zilipita. Alizisikia.

"Imebadilika," bibi akarudia. Uso wake haukuwa na hofu hata kidogo, ulikuwa umelegea, karibu wa furaha. "Ni kweli. Siku ya kufagia makaburi tulimchomea simu mpya kaburini, imfikie huko aliko. Ya karatasi, nzuri, na chaja yake. Mtoto ndiye aliyeichagua." Akagonga kioo kwa ukucha. "Binti, hiyo namba yake mpya ni ipi? Niandikie. Mtoto anapiga ile ya zamani kila siku."

Msichana alimtazama Guixiang kuomba msaada. "Wewe ni nani wake?"

"Jirani," Guixiang alisema.

"Basi mweleze bibi. Mimi nitamwandika mtoto kwenye orodha ya waliochelewa. Watapangiwa baada ya wengine. Kwa kawaida wanapelekwa shule ile ya ng'ambo ya mto."

"Kuna basi?" Guixiang aliuliza.

"Mabasi mawili, unabadilisha kituo cha kiwanda cha saruji." Akapiga muhuri. "Anayefuata."

Walipotoka, bibi alisimama kwenye ngazi za ofisi kupumzisha magoti. Alikunja karatasi ya muhuri mara nne akaitia kifuani.

"Hawawezi kuitoa namba, naelewa. Si ya huku," alisema. "Lakini nitamwambia Zhiyu. Nitamwambia mama amebadilisha, asipige tena ile. Kuna mwanamke wa watu anapokea kila siku saa kumi, hajatugombeza hata mara moja. Sijui ni nani. Huwa namwombea."

Guixiang alimshika kiwiko wakashuka. Alimfikisha mpaka kwenye ungo wake wa maganda, akakataa chai.

Ijumaa adhuhuri nafasi ya Caiyun ilitoka: Hengtang ya Kati, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani. Sanmei alimkumbatia mbele ya karakana nzima kisha akaenda kukaa peke yake chooni kwa muda mrefu. Desheng alituma ujumbe wa sauti kutoka handakini, anacheka, anasema mke wangu wewe ni kichwa.

Saa kumi Guixiang alitoka ngazini na simu mkononi. Haikuita. Alisubiri mpaka msimamizi alipoita jina lake, akarudi kigodani, akachukua suruali iliyokuwa juu ya rundo, akaanza kutafuta nyuzi.